Jembe la Nyuki Wawili

Watu wengine waligundua ubovu wa jembe la chapa ya Nyuki Wawili shambani, lilipokunja mdomo. Mimi nilianza kulitilia shaka kupitia tundu lake, nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu sokoni Kibondo, mipini yangu imesimama ukutani kama wanafunzi mstarini. Kazi yangu ilikuwa kuchonga mipini. Niliishia darasa la saba kwetu Murungu, nikajifunza kuchonga kwa kutazama wenzangu, na kufikia mwaka 2012 nilikuwa na wateja wanaoniita fundi bila kucheka.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mtu ananunua jembe dukani likiwa tupu, analileta kwangu. Navuta mpini mmoja wa mti wa mkole, naupitisha tunduni, naugonga kwenye jiwe mara tatu, kwisha. Sikuwa napima. Tundu la Nyuki Wawili lilikuwa moja, liwe la mwaka huu au la mwaka juzi, na mkono wangu ulilijua kama unavyojua kupeleka tonge mdomoni.

Halafu watu wakaanza kurudi. Mpini unacheza, fundi. Mpini umechomoka, fundi, jembe nusura limpate mtoto mguuni. Mama mmoja muuza ndizi aliniambia mbele za watu kwamba mipini yangu imekonda kwa sababu mawazo yangu yako kwa wasichana. Niliomba radhi kwa kila mmoja, nikaweka kabari bure, nikawa nachonga kwa hofu. Siku moja nikachukua uzi nikapima matundu ya majembe matano mapya. Moja pana, moja jembamba, mawili yamekaa kama yai, la tano hata sijui nilifananishe na nini. Nilifurahi kujua kosa si langu. Baadaye nikasikitika, maana jembe hilo lilikuwa kama ndugu kwetu.

Mama yangu alikuwa na lake, alilolinunua kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mdogo lilikuwa pana kama sinia la karanga. Nilipokuwa mkubwa lilikuwa limebaki kiasi cha kiganja, na bado alipalilia nalo maharage. Mama alisema isuka ile, kwa jina letu la Kiha, haivunjiki bali inaisha kama sabuni. Karibu na tundu kulikuwa na nyuki wawili wanaotazamana, wamegongwa ndani kabisa ya chuma, ukipitisha dole gumba unawahesabu hata mbawa.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nisilale.

Nilikuwa napeleka mipini Kasulu siku za soko, imefungwa juu ya basi. Huko alikuwepo msichana wa Muyama aliyekuja kuuza maharage. Alinunua mpini kwangu, soko lililofuata akaurudisha, akasema ni mzito kwa mama yake. Nikamchongea mwepesi. Soko lililofuata akaurudisha, ni mwepesi mno. Nilikaa nimeshika ule mpini nautafakari kwa makini, nikaukagua mbele na nyuma, mpaka muuza dagaa wa jirani akaniuliza kama nimekuwa kipofu. Hapo ndipo nikaelewa. Basi tukaanza kuzungumza, na kufikia mwaka 2014 tulikuwa tumekubaliana mimi na yeye. Zilibaki pande mbili za wazazi.

Kwao kuna jambo moja ambalo si la utani. Mambo ya mbuzi na ng'ombe yana siku yake na wasemaji wake, lakini ugeni wa kwanza hauji bila jembe. Liwe jipya, halijaonja udongo, na kwa miaka mingi wamezoea liwe la Nyuki Wawili. Anayelipokea ni shangazi wa msichana, dada wa baba yake. Analigonga kwa jiwe mbele ya watu wote, wanasikiliza mlio. Kesho yake alfajiri analipeleka shambani, anafungua matuta kwa jina la binti, anapanda maharage. Maharage hayo ndiyo binti anayoondoka nayo kama mbegu.

Msichana wangu alinieleza hayo kwenye simu ya mama yake. Tena akaniambia habari ya binamu yake aliyeolewa mwaka uliotangulia. Jembe lake lilikunjika kwenye tuta la pili, shangazi akalirudisha nyumbani limejikunja kama sikio la mbuzi. Ndoa ilifungwa, lakini tangu siku hiyo wanawake kisimani wanamwita binamu huyo Mke wa Bati. Ana mtoto sasa, na mtoto naye anaitwa wa Bati.

"Mimi nikiitwa hivyo," aliniambia, "sitarudi kwetu hata kwenye msiba."

Alisema huku anacheka, lakini alipomaliza kucheka hakukata simu. Aliiacha wazi mpaka salio likaisha.

Nilikwenda kununua jembe Kasulu, kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa ambaye kwao asili ni pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, chetu mbele yake kilikuwa kinachechemea. Nikamwamkia, nikamweleza nataka Nyuki Wawili wa posa. Akafurahi, akaniombea heri, akavuta kasha. Jembe lilikuwa limepakwa rangi ya kijani inayong'aa, limevalishwa nailoni, na nyuki walikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa. Nikamuuliza mbona nyuki wamehama kutoka kwenye chuma.

"Mwanangu," alisema, "zamani yalikuja uchi, yamepakwa grisi nzito, ukishika unachafuka mpaka kiwiko. Siku hizi yanakuja yamevaa kama maharusi. Mimi nauza kilichoandikwa. Kilichomo hakijui ila Mola."

Alisema hivyo bila hila. Alikuwa na la kwake la zamani uani, akanionyesha, akaligonga na ufunguo, likalia ngiii mpaka paka akaamka. Nikaomba kugonga jipya. Akasema kwa heshima kwamba likigongwa rangi itabanduka na mimi ndiye nitakayelipeleka kwa wakwe limechubuka. Nikaona ana haki. Nikanunua mawili kutoka kasha moja, la shangazi na moja la kumfurahisha mama yangu, maana kile kiganja chake cha jembe kilinitia huruma.

Mvua za kwanza zilipoanguka, mama alilichukua jembe jipya na mpini nilioupaka mafuta ya mawese ung'ae. Nilikuwa namtazama nimejaa sifa. Pigo la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu likakutana na kokoto, kokoto ya kawaida ambayo jembe lake la zamani lingeirusha mpaka kwa jirani. Mdomo wa jembe ukajikunja. Mama aliliweka juu ya jiwe, akalinyoosha kwa jiwe lingine, taratibu, ili mimi nisijisikie vibaya. Lilipojikunja mara ya nne alisema kwamba lina rangi nzuri.

Nilibaki na la pili chini ya kitanda, ndani ya nailoni yake. Kasha moja, rangi moja, tundu la yai vilevile. Na sikuweza kulijaribu. Likigusa udongo tu si la posa tena.

Nilizunguka maduka yote ya Kibondo mjini nikigonga majembe kwa kucha, mpaka mama mmoja mwenye duka akaniuliza kama nimetumwa na bendi. Yote yalilia ko, kama boga. Nikamwendea baba mdogo, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu. Ni mtu wa methali, anazo mpaka za kugawa. Akaniambia jembe la posa halilimi, linapokelewa. Nikamweleza kwamba kwa watu hawa linalima, tena kesho yake alfajiri. Akasema nyamaza, bwana harusi hana mdomo. Hilo nalo ni kweli: siku ya posa wewe unakaa mkekani, unatazama vidole vya miguu yako, wanaokusemea wapo.

Mimi ni mtu wa kuota ndoto nikiwa macho. Nilishajiwazia karakana, mbao juu ya mlango, mke wangu ananiletea chai, wateja kutoka hata Nyarugusu. Wiki ile ndoto zote zilikuwa na wanawake kisimani. Namwona ananyanyua ndoo, halafu mmoja anasema lile jina, halafu yeye anatabasamu kama ambaye hakusikia.

Tukaenda. Tulifika Kasulu kwa basi na Muyama kwa pikipiki, mvua imeosha milima, mibuni imetoa harufu ya majani mabichi. Tulikuwa wanne: baba mdogo, jirani yetu mmoja, shangazi yangu mimi, na mimi mwenyewe nikiwa na suruali ya kuazima. Tukaamkia wazee, tukakaribishwa, pombe ya ndizi ikaletwa na mrija. Baba mdogo alizungumza vizuri sana. Alisema tumeona kichaka chenye kivuli na tunaomba kupumzika. Wakacheka, wakauliza sisi ni wasafiri wa wapi tunaochoka mapema hivyo. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka jembe lilipotolewa.

Shangazi wa msichana alikuwa mwanamke mrefu, kanga imekazwa kiunoni, mikono ya mtu aliyelima tangu asubuhi na bado ana nguvu za kugombana jioni. Alilivua nailoni polepole. Akalipima uzito kwa mkono mmoja, akaokota jiwe. Pembeni ya mlango wa jikoni nilimwona msichana wangu amesimama, ameshika fremu kwa mikono miwili.

Sijui nini kilinisukuma. Nilisikia sauti, ikawa yangu.

"Shangazi, samahani. Jembe hilo si zuri."

Baba mdogo alinitazama kama vile nimevua ile suruali. Akaanza kuomba radhi kwa Kiha na Kiswahili kwa pamoja, kwamba kijana ana homa ya safari.

"Mwache," shangazi alisema. "Nani amempa bwana harusi mdomo?"

"Hakuna," nilijibu. "Lakini nilinunua mawili. La mama yangu limekunjika siku ya kwanza. Hili ni pacha wake."

Shangazi akaligonga. Ko. Watoto wawili waliokuwa dirishani walicheka, wakanyamazishwa. Yeye akainuka, akatoka nalo nje, akakata tawi kwenye ua, akalichomeka tunduni, akapiga udongo wa pembeni mwa mgomba mara mbili. Akarudi ndani na jembe limekunja mdomo, akaliweka katikati ya mkeka. Likabaki hapo kama mgeni aliyelewa.

Aliuliza kazi yangu. Nikamwambia nachonga mipini.

"Mpini bila jembe ni fimbo," alisema. "Umekuja kuoa au umekuja kutuchapa?"

Watu walicheka, hata jirani yetu alicheka, na mimi nikatazama vidole vya miguu. Baba wa msichana hakucheka. Alisema posa imeharibika: jembe limekataliwa na aliyelileta mwenyewe, jambo ambalo hajalisikia, na sasa limeonja udongo. Tungerudi mwakani, Mungu akipenda. Mwakani. Nilisikia mlango wa jikoni ukilia kidogo pale aliposhikilia msichana wangu.

Shangazi akamwambia kaka yake kwamba stoo mwake yamo majembe matatu ya posa, yote ya miaka hii ya karibuni, yote yamekunjika, na hakuna hata mkwe mmoja aliyefungua mdomo. Walijua. Mmoja wao alikuwa anauza majembe hayohayo. Akasema safari hii hataki kusikia mlio, maana hata sufuria inalia. Akanigeukia mimi. Nipewe siku kumi, kwa sababu maharage hayamsubiri mtu. Nilete jembe ninalolijua, nilime nalo mbele yake tuta zima. Likisimama, analipokea. Likikunjika, nisipande tena mlima ule.

Kaka yake akasema jembe lililolimiwa ni mtumba, hatujaanza kuoza mabinti kwa mitumba. Shangazi akamuuliza koti alilovaa yeye alilinunua likiwa jipya? Yakaisha hapo.

Kurudi nyumbani, baba mdogo hakuniambia hata methali moja. Kuanzia Kasulu mpaka Kibondo. Hiyo ndiyo adhabu kubwa niliyowahi kupewa na mtu huyo.

Siku ya pili nilipanda baiskeli kwenda Mabamba, karibu na mpaka, kwa mhunzi ambaye watu walimsifia mapanga. Alikuwa chini ya kibanda cha nyasi, mke wake anavuta mivukuto na kumkosoa. Nikamweleza shida yangu tangu mwanzo, maana mimi sijui kueleza kwa kifupi. Mhunzi alichagua kipande cha springi ya lori iliyokufa, akakigonga kikalia, akaniuliza kama huo ndio mlio ninaoutafuta. Nikasema huo, ila sasa mlio hautakiwi tena, linatakiwa kusimama. Akasema hayo ni maneno ya mtu mwenye akili, ni nani huyo? Nikasema shangazi wa mchumba wangu. Mke wake akasema pole.

Alifanya kazi siku mbili. Nililala kwa jamaa yake, mchana navuta mivukuto kumpumzisha mke wa mhunzi. Jembe lilipopata sura, likiwa bado jeusi na lina alama za nyundo kila mahali, nilifanya jambo ambalo hata leo likinijia najisikia joto masikioni. Nilimuuliza kama anaweza kugonga nyuki wawili pale karibu na tundu. Wadogo tu. Nilifikiri wazee wa Muyama wangetulia wakiwaona.

"Nyuki mimi siwajui," mhunzi alisema, "mimi najua chuma."

Mke wake akaongeza kwamba nikitaka picha, mpiga picha yuko sokoni, tena ana pazia la maua. Sikuuliza tena. Nililiingiza majini mwenyewe alipolipasha moto mara ya mwisho, likapiga kelele, moshi ukanijaa usoni.

Mpini wake niliuchonga kwa siku nzima. Nilipima tundu kwa uzi mara nane. Nililima nalo kwetu kwenye kile kipande cha kokoto mpaka mama akaniuliza kama nataka kuhama na shamba. Halikujikunja. Lilikuwa zito, mikono ilinitoka malengelenge, na mimi nilikuwa naimba.

Siku ya tisa nilikuwa Muyama. Baba mdogo alikuja nami, ingawa alisema anakuja kwa ajili ya kubeba maiti. Shangazi alitupeleka moja kwa moja shambani, mteremko uliolala kati ya migomba na mibuni, ardhi nyekundu yenye mizizi ya kichaka kilichofyekwa majuzi. Alikuwa amechagua pabaya kwa makusudi. Wanawake wa jirani walikuwa wamekuja, na yule binamu aliyeitwa Mke wa Bati, mtoto mgongoni, amekaa mbele kabisa. Msichana wangu alishika kikapu cha mbegu na hakunitazama.

Nikaanza. Mimi si mlimaji hodari, sikufichi. Mchonga mipini analima kama mwalimu anavyoimba. Wanawake walianza kunitania tangu pigo la kwanza. Mmoja alisema tuta langu linakwenda Burundi. Mwingine akasema liache liende, litarudi na chumvi. Jasho lilinifumba macho. Nilifika kwenye mzizi mmoja mnene, nikalisikia jembe likiugonga na mikono yangu ikapata ganzi mpaka mabegani. Sikuthubutu kuangalia mdomo wa jembe. Nilinyanyua, nikapiga tena palepale, mzizi ukakatika, harufu yake ikatoka mbichi kama muhogo.

Nikaendelea mpaka mwisho wa tuta. Nilipoinua kichwa, yule binamu alikuwa wa kwanza kuja. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa jembe, kutoka pembe mpaka pembe, akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba limenyooka. Akamgeuza mtoto mgongoni upande mwingine, akarudi kukaa.

Baba wa msichana alilishika naye. Akatafuta chapa mbele na nyuma, hakuiona, akaguna. Akauliza tutasema ni jembe gani wakituuliza. Lakini shangazi alikuwa ameshalichukua mikononi mwake, ametemea viganja, ameanza tuta la pili juu ya lile langu lililopinda. La kwake lilikuwa limenyooka kama mstari wa daftari. Alilima hatua kama kumi bila kusimama, jembe linaingia na kutoka, udongo unageuka mwekundu na kung'aa.

Nilibaki nimesimama sijui mikono niiweke wapi. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye gogo, ameanza kumsimulia mmoja wa majirani wa pale methali moja ndefu. Msichana wangu akaja akanipa kile kikapu, kikawa na uzito wa maharage na joto la mikono yake, akanisukuma kidogo kwa bega kuelekea kwenye tuta. Kwao anayemfuata shangazi na mbegu siku hiyo ni mtu wa nyumbani.

Nikaingia nyuma ya shangazi, nikaanza kudondosha. Kwa furaha nilidondosha konzi nzima kwenye shimo la kwanza.

"Mbili mbili, mkwe," alisema bila kugeuka. "Hatupiki hapa, tunapanda."